Foronya ya Bangili

Bi Dobi alijua kabla hajafungua. Aliingiza mkono sandukuni, chini ya mablanketi, akaishika ile foronya kuukuu na kuinyanyua, na mkono ukapanda juu upesi mno, kama wa mtu aliyeshika ndoo akidhani ina maji kumbe tupu. Akaibonyeza. Ilikuwa bapa. Bangili za marehemu mama yake, dhahabu nzito ya zamani ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuivaa, hazikuwamo.

Zilikuwa zimewekewa binti yake. Kila mtu nyumbani alijua hivyo, hata mpiga pasi. Binti alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi, angerudi mwezi huo huo, na mama yake alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia siku atakapomvisha. Sasa alisimama katikati ya chumba, foronya mkononi, maneno yote yamemkauka, kisha akapiga ukelele uliowatoa majirani mpaka wa mtaa wa pili.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua, na uani ndiko riziki yao ilikokuwa. Kulikuwa na mapipa ya maji, kamba za kuanikia zilizopita huku na huku juu ya vichwa, meza ndefu ya pasi chini ya bati, na meza nyingine ya kukunjia karibu na mlango wa chumba. Dobi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye jina kubwa mtaani. Watu walipenda kusema kwamba nguo ikitoka kwa Dobi hata mwenyewe huitilia shaka kama ni yake. Alijivunia kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuchoma nguo ya mtu. Mkewe alifua na kukunja, na pasi ilikuwa ya Redio.

Redio aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na maneno. Ungemsalimia asubuhi, jibu ukalipata mchana. Alikuja pale kijana mbichi, binti hajaanza hata shule, na mvi zilimkuta pale pale kwenye meza ya pasi. Ufunguo wa akiba wa chumba ulining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wowote katika jambo hilo.

Siku hiyo waliuona. Sajenti alipofika, kaunda suti yake ya kiraia ikiwa imepigwa pasi na Redio huyo huyo wiki iliyopita, ua ulikuwa umejaa watu ambao hawakuwa na nguo za kufuliwa.

"Mlango haujavunjwa," Sajenti alisema. "Sanduku halijavunjwa. Blanketi zimelala kwa adabu. Huyu si mwizi wa barabarani. Nani mwingine anaingia chumbani humu?"

Bi Dobi hakufikiri. Jicho lake lilikwenda kwenye msumari, likateremka mpaka kwa aliyekaa chini yake.

"Redio," alisema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Majirani wakaguna. Sajenti akamgeukia Dobi, ambaye alikuwa amesimama kwenye meza ya kukunjia, mikono juu ya shuka la mtu.

"Na wewe mzee unasemaje?"

"Nilimwona juzi akitoka chumbani," Dobi alijibu. "Mke wangu alikuwa sokoni."

Redio akaisimamisha pasi wima. "Bosi, ulinituma wanga."

Ni kweli kwamba wanga wa kukazia kola uliwekwa chini ya kitanda, mbali na unyevu wa uani, na ni kweli kwamba mara nyingi Redio alitumwa kuuchukua. Watu wote wakamtazama Dobi. Yeye akasugua macho kwa vidole viwili, kama alivyozoea kufanya siku hizi.

"Sikumbuki kukutuma," alisema. "Inawezekana. Lakini sikumbuki."

Redio alimtazama bosi wake. Mtu aliyekuwa karibu angesema alitaka kusema jambo, mdomo ulishafunguka, kisha ukafungwa. Akazima pasi, akachomoa waya, akauzungusha taratibu kwenye mpini ili usiungue, ndipo akanyoosha mikono afungwe pingu. Mama mmoja wa jirani alitema mate chini alipokuwa akipitishwa.

Foronya yenyewe Sajenti aliigusa kwa ncha ya kalamu tu, akauliza kama ndiyo hiyo, akaiacha ilipo kitandani. Bi Dobi aliirudisha sandukuni vile vile ilivyokuwa. Hakuona sababu ya kufungua kitu ambacho hakina kitu.

*

Nguo za watu hazijui msiba. Asubuhi iliyofuata mapipa yalijazwa, sabuni ikatiwa, na Dobi akashika pasi mwenyewe. Ilikuwa kazi ya shida. Aliinamisha uso mpaka pua inakaribia kitambaa, na kola zilitoka zimelegea. Wateja wawili walikuja kuchukua nguo zao zingali mbichi, wakasema wanasafiri, safari ya ghafla tu. Wakatoka wamekumbatia nguo zinazochuruzika maji, na Bi Dobi akajifanya amezamisha macho kwenye beseni. Nyumba iliyoibiwa na mtu wake inanuka kwa watu, hata ikiwa inafua kwa sabuni nzuri.

Mke wa Redio alikuja jua likiwa kichwani. Hakupita ndani. Alisimama mlangoni pa ua akiwa ameshika bakuli tupu lililofungwa kitambaa, mwanamke mnene, mpole, ambaye kila mwaka alikuwa akija kuwasaidia kusafisha mapipa bila kuombwa.

"Hodi, dada."

Bi Dobi hakumkaribisha. "Umekuja kufanya nini?"

"Nimetoka kumpelekea chakula. Ameniagiza shati lake la akiba, liko kwenye msumari wake. Lile alilovaa limeingia damu."

"Damu ya nini?"

"Wanamuuliza zilipo bangili, dada. Naye unamjua."

Bi Dobi alihisi kitu kikimchoma chini ya kifua, akakikanyaga. Mwizi ni mwizi. Alikuwa amemlisha mtu huyo sahani moja na mumewe, alimshonea mtoto wake nguo za shule kwa mkono wake, na hayo ndiyo malipo. Akaenda kwenye meza ya pasi kulichukua shati.

"Ameniagiza na jambo jingine," mke wa Redio alisema nyuma yake. "Amesema nimwambie bosi: sijasema."

"Hajasema nini?"

"Sijui. Nimemuuliza, akanyamaza. Amesema bosi ataelewa."

Dobi alikuwa ametoka kupeleka nguo. Bi Dobi akasema sawa, atamwambia, na huku anasema hivyo akaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa uliokuwa ukining'inia juu ya meza, alimokuwa akiweka Redio vitu vyake. Shati lilikuwamo, na suruali, na taulo, na aproni. Vyote vilikuwa vimeviringishwa.

Hapo ndipo aliposimama. Si kwamba hakujua. Redio hakuwahi kukunja nguo katika maisha yake. Mzee wa kwanza wa kazi hiyo, mama yake Dobi, alikuwa na mkunjo wake ambao haukuonekana kwa dobi mwingine yeyote: kitambaa huvunjwa mara tatu kwa urefu, kisha upindo wa mwisho huchomekwa ndani ya mwenzake, hata ukiurusha mtumba ng'ambo ya barabara haufunguki, lakini mwenyewe akivuta sehemu moja tu unafunguka wote. Aliwafundisha wanawe wawili, na mkwewe alipoolewa akamfundisha naye. Redio walijaribu kumfundisha wakashindwa. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikakamaa tangu alipoungua utotoni, upindo haukukubali kuingia. Marehemu mama mkwe alikuwa akimtania kwamba anafunga nguo kama mtu anayetoroka usiku. Basi akaachiwa pasi, na kukunja kukabaki kwa wenye nyumba.

Bi Dobi alimpa mwenzake shati, akaingia chumbani, akafunga mlango na kufungua sanduku.

Foronya ilikuwa pale pale. Mikunjo mitatu, upindo umechomekwa, imekaa sawasawa. Aliyechukua bangili alizitoa, halafu mikono yake, bila ya yeye mwenyewe kufikiri, ikaikunja foronya kama ilivyozoea kukunja maelfu ya foronya za watu. Mwizi yeyote angeitupa chini. Redio angeiviringisha.

Bi Dobi akakaa kitandani na kuhesabu watu. Hakukuwa na kazi kubwa ya kuhesabu. Mama mkwe alishafariki. Binti hakupenda kazi ya nyumbani kwao na hakuwahi kujifunza. Alibaki yeye, mumewe, na shemeji yake. Alishukuru kwamba alikuwapo shemeji.

*

Mdogo wake Dobi aliitwa Nakuja. Ukimdai, anakuja. Ukimwalika, anakuja. Msibani kwa mama yake mwenyewe alifika watu wanakunja majamvi. Aliwahi kuchukua baiskeli ya kaka yake aende nayo mara moja dukani, na baiskeli mpaka leo iko njiani. Mtu kama huyo ni faraja kubwa katika ukoo, maana kila kinachopotea kina pa kwenda kuulizwa.

Alikuwa na meza ya mitumba sokoni, mashuka na mapazia. Bi Dobi alimkuta amekaa juu ya robota, akila karanga.

"Shemeji. Leo jua limechomoza wapi?"

"Lete bangili zangu," Bi Dobi alisema.

Nakuja akaacha kutafuna. Wenye meza za jirani wakawa na shughuli za kupanga bidhaa zao, masikio yote yakiwa upande huu.

"Mbona nimesikia mmemfunga Redio?"

"Redio hajui kukunja." Alitoa foronya kwenye mkoba wake, akaishika kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi, isije ikafunguka. "Aliyeiba amekunja. Tena mkunjo wa mama yenu. Tuko watatu duniani, shemeji. Mimi sikujiibia."

Nakuja alicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha.

"Yaani kikipotea kitu kwenu, miguu yenu inajua njia moja tu," alisema polepole. "Sawa. Baiskeli nilichukua, nakubali. Ningekuwa mimi leo ungenikuta hapa juu ya robota la mkopo? Lakini wewe, shemeji, umeishi na mkunjo huo miaka yote na hujauangalia. Nipe."

"Usiifungue."

"Siifungui." Akaiweka mezani. Akachukua foronya nyingine kutoka kwenye bidhaa zake, akaikung'uta, akaikunja haraka haraka huku akimtazama shemeji yake usoni, mikono yake ikijiendea yenyewe. Akachomeka upindo, akailaza kando ya ile ya kwanza. "Haya, tazama."

Bi Dobi akatazama. Zilikuwa foronya mbili zilizokunjwa kwa ustadi mmoja. Ila ya Nakuja mdomo wake, pale upindo ulipochomekwa, ulielekea kulia, na ile ya bangili ulielekea kushoto.

"Mama alimchapa kaka kwa sababu hiyo mpaka akachoka," Nakuja alisema. "Mkono wa shoto hausikii. Mimi natumia kulia, wewe unatumia kulia." Akasita. "Labda aliikunja zamani. Nani aliikunja mara ya mwisho?"

"Mimi," alisema Bi Dobi. "Nilizitoa nikazisugua, nikazirudisha. Sanduku lile halifunguliwi na mtu mwingine."

Nakuja hakusema nimekuambia. Hilo lazima apewe. Alimsogezea robota lingine akae, lakini Bi Dobi hakukaa. Alikuwa anaona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona tangu kule chumbani. Alikuwa ameona mdomo wa foronya unaelekea wapi, na akavaa viatu kwenda kumtafuta Nakuja.

"Shemeji," Nakuja aliita alipokuwa anaondoka. "Ile baiskeli. Nakuja kuilipa."

"Najua," alisema.

*

Alimkuta mumewe kwenye meza ya kukunjia, amempa mgongo. Jua lilikuwa linashuka na mashuka kwenye kamba yalikuwa yamekauka vizuri. Bi Dobi alisimama mlangoni akamtazama akifanya kazi: moja, mbili, tatu, mkono wa kushoto ukateleza chini, ukaingiza upindo, ukapapasa juu ukitandaza. Mkono huo alikuwa ameulalia. Ulimshika begani siku walipomzika mama yake, siku ile ile alipokabidhiwa bangili. Alitamani aingie ndani, alale, aamke akute ni Redio aliyeiba.

"Mke wa Redio alikuja," alisema.

"Enhe."

"Wanampiga huko mpaka shati limeingia damu. Ametumwa akwambie: sijasema."

Mkono ukasimama juu ya shuka. Ni kitambo kidogo tu, kisha ukaendelea.

"Anatafuta huruma," Dobi alisema bila kugeuka.

"Hajasema nini?"

"Nitajuaje mimi mambo ya mwizi?"

Bi Dobi alimsogelea mpaka akasimama upande wa pili wa meza, akamtazama usoni. Mumewe alimtazama naye, lakini macho yake yalitua mahali fulani karibu na sikio lake, na kwa mara ya kwanza aliona kuna ukungu juu ya mboni.

"Kama kuna kitu unataka kuniambia," alisema, "niambie sasa. Tukiwa hapa, mimi na wewe. Sitapiga kelele. Nimeshapiga za kutosha."

 Angesema wakati huo, hadithi hii ingekuwa nyingine. Bi Dobi angelia, angenuna, angelala chumba cha binti, halafu wangekwenda pamoja kumtoa yule mtu. Alikuwa tayari. Alimngojea mumewe kama mtu anayengojea mtoto afungue ngumi, kidole kimoja kimoja.

"Nimechoka tu," Dobi alisema. "Sajenti ametuita asubuhi tukathibitishe maelezo. Jumatatu wanampeleka mahakamani. Likishaisha hili tutapumzika."

Akaliweka shuka juu ya mengine, mdomo ukielekea kushoto.

*

Ofisi ya Sajenti ilikuwa na dawati, benchi, na dirisha lililozibwa kwa gazeti. Sajenti mwenyewe alikuwa anajikuna shingoni.

"Tangu mtu wenu aingie humu ndani kola zangu zimekuwa tambara," aliwaambia kwa mzaha. "Mtafute mpiga pasi mwingine upesi, serikali inaaibika."

 Redio aliletwa akakalishwa kwenye benchi. Shati safi lilikuwa na mistari ya kuviringishwa, mdomo wa juu umevimba, na mkono wake wenye vidole vilivyokakamaa aliubeba kwa ule mwingine. Hakumtazama Bi Dobi. Alimtazama Dobi, na Bi Dobi akaona katika uso ule jambo ambalo hakulitarajia. Mtu huyu hakuwa na hasira. Alikuwa anamsubiri bosi wake. Siku mbili hizo, wakimuuliza kwa ngumi, alikuwa anasubiri bosi aje aweke mambo sawa.

"Bosi," Redio alisema. "Sijasema."

"Nyamaza wewe," alisema Sajenti, akamgeukia Dobi. "Mzee, tumalize. Unathibitisha kwamba ulimwona huyu akitoka chumbani kwako?"

"Nilimwona."

"Hukumtuma?"

Pale uani Dobi alikuwa amesema hakumbuki. Bi Dobi aliegemea hilo neno. Alijiambia njia nzima kwamba mtu anayesema sikumbuki amejiachia mlango.

"Sikumtuma," Dobi alisema.

Basi mlango ukafungwa. Redio aliinamisha kichwa. Alifanya hivyo taratibu, kama alivyofanya kila kitu, na akabaki akiitazama sakafu.

Bi Dobi akasimama. Alitoa foronya kwenye mkoba, akaishika mdomo, akaivuta mara moja. Ikafunguka yote na kuning'inia mkononi mwake, nyeupe iliyopauka, na matundu mawili ya nondo. Akampa mumewe.

"Kunja," alisema.

"Mama, hapa ni ofisini," alisema Sajenti.

"Najua ni ofisini. Namwambia mume wangu akunje. Ndiyo kazi yake."

Dobi aliishika foronya. Wote walikuwa wanaitazama mikono yake. Alilaza kitambaa juu ya dawati la Sajenti, akakinyoosha kwa kiganja, kwa sababu hakuweza kuacha kukinyoosha. Akavunja upande mmoja. Akavunja wa pili. Mkono wa kushoto ukaanza kuteleza chini kuutafuta upindo, na hapo ukasimama, umefumbatwa nusu. Akaujaribu wa kulia. Wa kulia haukujua pa kuanzia. Akarudi kwenye kushoto, akaacha. Mwishoni aliikusanya foronya yote kwa mikono miwili, akaifinyanga bonge kama kitambaa cha kufutia masizi, akaiweka chini.

Sajenti hakuelewa. Bi Dobi alimweleza, maneno machache, sauti kavu: nani anajua mkunjo huo, nani hajui, mkono upi hufanya vipi. Alipofika mwisho aligundua analia na hajui alianza lini.

"Mzee?" alisema Sajenti.

Dobi alikuwa amekaa. "Nilichoma gauni," alisema.

Lilikuwa gauni la harusi, la hariri na nakshi za mkono, la binti wa mtu mkubwa. Hakutaka Redio aliguse, alitaka alipige mwenyewe, ili watu waseme ni mkono wa Dobi. Hakuona kama pasi imewekwa kwenye moto wa pamba. Hakuona hata moshi mpaka aliposikia harufu. Redio ndiye aliyekimbia na kuinyanyua. Wenye gauni walitaka walipwe kabla ya siku ya harusi, ama waende kumtangaza mji mzima. Akawapa bangili, akasema atazikomboa kabla binti hajarudi.

"Nikamwambia Redio asimwambie mtu," alimalizia.

"Ungeniambia mimi," alisema mkewe.

"Ningekuambiaje? Kwamba dobi haoni?"

"Ungesema hivyo hivyo. Dhahabu ni dhahabu, ningeilia ikaisha. Ningekuongoza mkono." Alifuta pua kwa mtandio. "Lakini walikuwa wanampiga. Tangu jana unajua wanampiga, unakuja kula, unaniambia sabuni imeisha."

 Dobi alinyoosha mkono kuelekea kwa Redio, ukaishia hewani tu, kwa sababu macho hayakumwonyesha vizuri benchi lilipo. Redio aliuona ukija na hakuupokea.

*

Dobi alibaki kituoni kuandika maelezo upya. Redio alitembea mbele na Bi Dobi nyuma yake kidogo. Mtaani watu walichungulia. Yule mama aliyetema mate alisema karibu, Redio, pole, na Redio akapita.

Uani nguo zilikuwa kwenye kamba tangu jana, hakuna aliyezianua. Redio alisimama chini ya bati, akaigusa pasi, akaona waya umeachwa umezagaa, akauzungusha kwenye mpini kama inavyotakiwa.

"Kaa upumzike," Bi Dobi alisema. "Nikupashie maji ya kukanda. Kazi itakusubiri, hata mwezi. Mshahara wako nitaulipa mimi."

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu, mama."

"Redio."

"Wewe ndiye uliyenitaja," Redio alisema. Hakusema kwa ukali. "Bosi alinikana, lakini aliyenitaja ni wewe. Hukuuliza."

Ilikuwa kweli, na Bi Dobi hakuwa na pa kuikwepea. Hakuuliza. Miaka yote ile ya sahani moja, na jina lake ndilo lililokuja kwanza mdomoni.

Akauteremsha mfuko wa kitambaa kutoka msumarini. Hakujua afanye nini na mikono yake, basi ikafanya inachokijua. Alitoa suruali ya Redio, akaitandaza mezani, akaikung'uta vumbi, akaikunja. Akaikunja taulo. Akalikunja aproni lililokuwa limeungua pembeni, mikunjo mitatu, upindo ndani, vizuri kuliko alivyowahi kumkunjia mteja yeyote. Akavipanga kimoja juu ya kingine na kumsogezea.

Redio alivitazama. Kisha akachukua suruali, akavuta upindo, ikafunguka yote. Akaiviringisha kwa kiganja, polepole, kwa sababu mkono ulikuwa unamuuma. Akafungua taulo, akaiviringisha. Akafungua aproni, akaliviringisha. Bi Dobi alisimama upande wa pili wa meza akamwacha amalize.

"Asante, mama," alisema, akaweka mfuko begani, akatoka.